Mzee Mpima na Safu ya Mbono

"Unatafuta kaburi au unatafuta shamba?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa kila aliyepiga hodi nyumbani kwake Ole, kisiwani Pemba, kabla hajakukaribisha ndani, kabla hata hajakuuliza za utokako. Aliuliza akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, na uso wa mtu aliyekwisha kuchoshwa na jibu lako kabla hujalitoa. Ukisema shamba, alikuelekeza ofisi ya ardhi mjini Chake, akakutakia safari njema na kufunga mlango kwa adabu. Ukisema kaburi, alikutazama kwanza, kisha akaja na swali la pili: "Mama yake mama yako akiitwa nani?"

Nilimjua miaka mingi kabla sijaelewa maana ya swali lile la pili. Anayetafuta shamba, alinieleza siku moja, huja na ukoo wote wa kiume kichwani, fulani bin fulani bin fulani mpaka Omani, lakini ukimuuliza jina la bibi mzaa mama hukwama, hukohoa, huomba maji ya kunywa. Anayetafuta wafu wake huanza na wanawake. Watu walipoigundua siri hiyo wakaanza kuja na majina ya mabibi waliyoyakariri njiani, na yeye akawa anawatambua kwa namna walivyoyataja harakaharaka. "Bibi hatajwi mbio," alisema.

Jina lake silitaji, na sidhani kama wengi walilijua. Alikuwa Mzee Mpima kwa wakubwa na wadogo, ingawa hakuwahi kuwa mpima ardhi hata siku moja. Alikuwa mshika mnyororo, yule anayetangulia kichakani na ncha ya mnyororo wa kupimia, anachomwa na miiba na kung'atwa na majimoto, huku mpima mwenyewe amesimama nyuma kivulini na chombo chake cha miguu mitatu. Baadaye wakamtoa kichakani wakampa kazi ya kutunza ramani stoo. Ukimwita Mpima alitabasamu kidogo, ukimwita mshika mnyororo alinuna, na akikuzoea sana alikwambia mwenyewe kwamba mnyororo ndiyo kazi, cheo ni cha mwenye kofia.

Ramani zilikuwa za enzi ya Mwingereza. Kila shamba la mikarafuu lilichorwa na mpaka wake na jina la mwenyewe, na ndani yake vijia, visima, misikiti na makaburi. Vibanda vya watu waliokaa ndani ya mashamba hayo, wachumaji na walinzi, viliwekwa kwa vidoti vyeusi tu. Paa la stoo lilipoanza kuvuja, wakubwa wa wakati huo wakaona makaratasi yale yanaoza bure, wakaamuru yachomwe. Mzee Mpima akayabeba kwa baiskeli, safari tatu, amefunga marundo kwenye kiti cha nyuma na kuyafunika kwa kanga ya mkewe. "Sikuiba," aliniambia mara nyingi zaidi ya nilivyomuuliza. "Zilikuwa zinakwenda motoni. Kitu kinachokwenda motoni hakina mwenyewe."

Alizihifadhi ndani ya mabomba ya plastiki ya maji, ncha zimezibwa kwa matambara, na ndani ya kila bomba majani makavu ya mkarafuu kufukuza mende. Mabomba yalikaa chini ya kitanda. Meza ya kutosha hakuwa nayo, kwa hiyo ramani ilitandazwa juu ya kitanda na mgeni akapiga magoti sakafuni kuitazama. Chai haikuingia chumbani humo. Kalamu haikuingia. Mkewe, ambaye alikuwa mchangamfu kuliko yeye mara kumi, alikuwa akipita ukumbini na kutupa neno: "Wenzangu hulalia godoro. Miye nalalia Pemba nzima." Mzee hakucheka. Alisogeza ramani kidogo kulia, akaondoa kipande cha karafuu kavu kwa ncha ya kucha, akaendelea.

Kuna upande wa kaskazini, kule Kiuyu, ulioliwa na mchwa kabla hajazihamishia kwenye mabomba. Wakija watu wa Kiuyu aliwaomba radhi kwa unyonge wa kuhuzunisha. "Kiuyu yenu imeliwa, wanangu. Nisameheni." Utadhani aliila mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu ni mtu yuleyule ambaye kwa makosa yake mwenyewe hakuomba radhi kabisa. Nilikuwa naye Pujini siku moja, anamtafutia mama mmoja kisima cha babu yake. Tukazunguka mchana kutwa, jua linatuchoma, yeye anahesabu hatua, anarudi, anahesabu upya. Hapakuwa na kisima wala dalili yake. Alipochoka akasimama, akajifuta jasho, akatangaza: "Kisima kimehamishwa."

"Kisima kinahamishwaje, Mzee?" nikamuuliza.

"Kuno Pemba kila kitu huhamishwa," akasema, akaanza kurudi barabarani.

Tulimcheka njia nzima, mimi na yule mama, naye akatembea mbele yetu mgongo wima. Cha ajabu, neno "sijui" halikumpa tabu. Alilisema kwa fahari, na alituhimiza tulitumie. Mtu akikisia mbele yake alimkata: "Kukisia kazi ya mganga. Sema sijui." Lakini kati ya "sijui" na "nimekosea" palikuwa na mto ambao mzee yule hakuwa na daraja la kuuvukia. Nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote, nimewaona watoto wa namna hiyo, na najua huwa hawabadiliki kwa kuchapwa wala kwa kubembelezwa.

Alipima kwa miguu. Hatua yake ilikuwa imefundishwa na mnyororo ule wa zamani, haikurefuka mlimani wala kufupika bondeni, au ndivyo alivyoamini. Tasbihi ilikuwa mkononi, na kila hatua kumi alisukuma punje moja. Vijana walimletea simu zenye ramani, wanamwonyesha paa la nyumba yake limepigwa picha kutoka juu. Alizitazama kwa heshima, akawarudishia. "Simu yako yaijua leo," alisema. "Jana haikuwapo." Nilipenda kumsikia akisema hivyo, na nilimwamini mno. Sasa najua kwamba kumwamini mtu mno nako ni uvivu.

Nitaeleza jambo moja kuhusu vile vidoti vyeusi, maana ndipo nilipouona uchovu wake mara ya kwanza. Alikuja daktari mmoja kutoka Maskati, mtu mpole, Kiswahili chake cha nyumbani kimeingiwa na kutu kidogo. Babu yake alikuwa na shamba kubwa karibu na Ole. Alipoulizwa kaburi au shamba, akasema kaburi, na jina la bibi mzaa mama akalitoa polepole, na la mama yake huyo bibi vilevile. Mzee Mpima akamkubali papo hapo. Wakatembea siku mbili. Wakapata msingi wa nyumba ya mawe na makaburi nyuma yake, na yule daktari akalia bila kujificha. Alipomaliza kulia akaitazama tena ramani, akaweka kidole kwenye vidoti.

"Hawa nani?"

"Hao ndo wetu," akasema Mzee Mpima.

"Wakiitwaje?"

"Ramani haikuuliza."

Daktari akaondoa kidole. Nafikiri aliona haya. Akaondoka na udongo kidogo ndani ya kitambaa. Mzee Mpima naye hakufungua bomba lolote kwa muda mrefu baada ya hapo. Watu walipiga hodi, mkewe akatoka kuwaambia mzee anaumwa. Hakuumwa. Nilimkuta amelala chali, macho darini. Akaniambia kwamba amewafikisha watu kwa mababu zao mpaka miguu imekufa ganzi, na ya kwake mwenyewe hana pa kuanzia, kwa sababu ukoo wake wote ni doti moja ambayo hata haijui ni ipi. Nilimpa maji, nikakaa naye mpaka adhana ya alasiri.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nimeandika mengi ya kuchekesha ili nisifike haraka kwenye habari ya Mama.

Mama yangu alizaliwa kwenye doti mojawapo. Wazee wake walikaa ndani ya shamba la mwenye shamba, wakichuma karafuu na kulinda. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, wa kubebwa na kutembea nusunusu, na shangazi yake akamchukua wakaondoka upande ule moja kwa moja. Hakurudishwa. Alikua, akaolewa, akatuzaa mimi na dada yangu, akazeeka, na kitu kimoja tu kikabaki kinamla: hakujua mama yake amelala wapi. Kwetu makaburi ya watu wa kawaida hayaandikwi majina. Ni jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, na kumbukumbu ya waliozika. Waliozika wakifa, kaburi linabaki jiwe kama mawe mengine.

Alichokumbuka Mama ni mbono. Siku ya maziko watu wazima wana shughuli zao, naye akaokota mbegu za mbono zilizodondoka kwenye safu ya miti iliyopandwa mstari, akazila, akatapika mpaka wakadhani watazika wawili. Basi. Safu ya mbono, na baada ya mbono, makaburi. Hilo ndilo alilokuwa nalo, na alitusimulia tangu tukiwa watoto, kila mara kwa maneno yaleyale.

Nilipomfikisha kwa Mzee Mpima, aliulizwa swali mlangoni. Mama akajibu, "Kaburi, Bwana Mpima. Shamba nilipeleke wapi, nami ndo huyu n'shachoka?" Mzee akampisha njia mwenyewe, akamtandikia mkeka badala ya kumwacha apige magoti sakafuni.

Ramani ilikuwa nzima upande huo. Shamba lilionekana, jina la mwenye shamba, kisima, kijia, na karibu na mpaka wa mashariki alama tatu ndogo za makaburi. Mzee alichangamka. Tulipofika huko kisima kilikuwa kimefukiwa, na kijia kililimwa zamani, mashamba yenyewe yaligawanywa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi, na kila mtu na mazao yake. Lakini palikuwa na safu ya mbono mikongwe, mashina manene, imesimama mstari mmoja. Kila Mpemba anajua kwamba mbono hupandwa mpakani. Mama alipoiona akakaa chini palepale. Mzee Mpima akaanza kuhesabu kutoka kwenye mbono kuelekea ndani, tasbihi mkononi, akafika hatua arobaini, na hapo palikuwa na mawe mawili yamesimama kwenye nyasi; makaburi mengine mawili tukadhani yamelimwa.

"Ni hapa," akasema.

Sitasahau jinsi Mama alivyoyashika mawe yale. Alilisugua la kichwani kwa upindo wa buibui lake, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Mwenye eka zile, mtu mwema, akaturuhusu tupasafishe. Tangu siku hiyo Mama alikwenda kila alipoweza, akakaa, akasoma, akazungumza na mama yake habari za majirani na bei ya samaki. Uso wake ulitulia. Dada yangu anaishi Unguja, na alipokuja likizo akaniambia kwamba hajapata kumwona Mama akicheka bila kujizuia mpaka mwaka ule. Na Mama akatoa usia mmoja tu: azikwe pale, ubavuni mwa mama yake. Mwenye eka akakubali hata hilo.

Tukamzika pale. Niliingia kaburini mwenyewe kumpokea.

Mzee Mpima nilikutana naye mara chache baada ya msiba. Nilidhani ni uzee. Nilikuwa na shughuli zangu, shule, mitihani, nyumba inayovuja, na nikiri pia kwamba nilikwisha kupata nilichokitaka kutoka kwake. Mwaka huu, masika yalipokwisha, akanitumia salamu kwamba anataka nifike, asubuhi, na nije na viatu vya kutembelea.

Mkewe alinipokea. "Mwalimu, karibu. Huyo bwana wako hali," akaninong'oneza. "Chakula atazama tu. Labda weye atakwambia lipi limkalialo." Mzee alikuwa ameshavaa kanzu, ameshika fimbo. Mabomba ya ramani yalikuwa yamepangwa ukutani yote, hakuna hata moja lililofunguliwa. Alikuwa amekonda hata saa imemlegea mkononi. Tukasalimiana, akasema twende.

Tulikwenda polepole sana. Kila baada ya muda alisimama akaegemea fimbo. Nilijua tunaelekea kwa Mama, nikafurahi kwamba anataka kumzuru, nikaanza hata kumsifu kwa kumkumbuka. Tulipofika kaburini alisoma Fatiha kwa sauti ya chini, akajipangusa uso, na badala ya kukaa akageuka akaanza kushuka mteremko, akaipita ile safu ya mbono, akihesabu kwa sauti. Nikamfuata. Alihesabu bila tasbihi, moja moja, akipumua kwa shida. Alifika mia, akapumzika. Akaendelea. Kwenye mia mbili na kumi alisimama ukingoni mwa konde la muhogo, akanionyesha kwa fimbo mawe matatu mafupi ya vichwani, yamezama nusu kwenye udongo, na matuta ya muhogo yamepindishwa kuyakwepa.

"Bibi yako yu hapa, Mwalimu."

Nilifikiri amechanganyikiwa. Nilimwambia, kwa upole wa kumsemesha mgonjwa, "Bibi yuko juu kule, Mzee. Ubavuni mwa Mama."

"Kule juu palikuwa banda la mbuzi."

Akanieleza akiwa amesimama, maana alisema akikaa hatainuka. Karibu na pale palikuwa na bikizee aliyehamia kwa mwanawe Unguja kwa matibabu, akakaa huko miaka mingi, kisha akarudi. Alipomkuta Mzee Mpima akipita na kuitaja safu ile, bikizee akacheka. Ule si mpaka, akamwambia. Mume wake alikuwa na mbuzi, akakata vijiti vya mbono akavichomeka kufanya ua, na mvua ya masika ikaja, vijiti vikashika mizizi. Mbuzi wakafa, mume akafa, ua ukawa miti. Yale mawe mawili yalikuwa ya mlangoni mwa banda, ya kuzuia mlango usisukumwe na mbuzi. Mpaka wenyewe uko bondeni, na mbono zake zilikatwa zamani, na makaburi ya watu wa shamba ni yale matatu. Aliyelima muhogo anayajua na amelima akiyazunguka, baba yake alimwonya. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Fimbo ya mbono ukiichomeka yaota," akasema Mzee Mpima. "Hata mtoto mdogo ajua hilo. Miye nilijua. Nikaona mstari, nikaona machozi ya mama yako, nikahesabu arobaini yangu."

Niliangalia juu, kwenye mteremko. Kaburi la Mama lilionekana, udongo wake bado una rangi tofauti na wa kando. Mama yangu, aliyemtafuta mama yake maisha mazima, amelala mlangoni mwa banda la mbuzi, na huyo aliyekuwa akimtafuta yuko bondeni, hatua mia mbili na kumi.

"Ulijua lini?" nikauliza.

Alichomeka ncha ya fimbo kwenye tuta la muhogo, akaichomoa.

"Umejua lini, Mzee?"

"Siku tatu kabla hajafariki."

Nadhani nilipiga ukelele. Mtu aliyekuwa akipalilia upande wa pili wa konde aliinua kichwa. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, ya mtu mzima kumwambia mzee wake. Nilimuuliza ulimi wake ulikuwa wapi siku tatu nzima. Yeye, aliyewafundisha watu wote kusema sijui. Alisimama akayapokea yote.

"Nilikuja nyumbani kwenu kusema," akasema nilipoishiwa pumzi. "Nikamkuta amelala, wanawake wamemzunguka, anawahadithia pa kulala kwake. Aliponiona kasema, Bwana Mpima, umenipa pa kwenda. Nikatoka. Siku ya maziko nikaja tena, nikasema leo, kabla hawajamshusha. Nikakukuta umo kaburini, wasawazisha mwanandani kwa mikono yako. Ukaniangalia ukanambia, shukrani Mzee. Nikashindwa."

Nilikumbuka kwamba siku ile watu wote walitupa udongo mara tatu kama ilivyo ada, na yeye alisimama mbali, mikono mitupu. Nilidhani kiuno kinamuuma.

"Nimekosea, Mwalimu," akasema. "Kupima nimekosea, na kunyamaza nimekosea zaidi. Nakaribia kwenda. Niwie radhi."

Neno ambalo kwa miaka yote sikuwahi kulisikia kinywani mwake lilikuwa limetoka, na halikunipa furaha yoyote. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni akaambiwa si nyumba hii. Kumfukua Mama nisingeweza, dini hairuhusu mambo hayo kwa sababu ya huzuni ya watu, na hata ingeruhusu nisingekuwa na moyo huo. Nikamtazama mzee yule aliyetembea kutoka Ole kwa miguu isiyotaka kutembea, kuja kusema jambo ambalo angeweza kwenda nalo kaburini bila mtu kujua.

"Yangu nimekusamehe," nikamwambia. "Ya Mama sina ruhusa nayo."

"Hilo najua." Akatikisa kichwa kukubali. "Ya mama yako nitamuuliza mwenyewe."

Tukaanza kupanda. Nilimshika mkono, maana hasira au si hasira, mteremko ulikuwa mkali na yeye ni mzee. Katikati ya njia akasimama. "Mwambie dada yako," akasema. "Usifanye kama miye. Ukweli wa mama yake ni haki yake. Ukiuchelewesha huota mizizi, kisha huung'oi tena." Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo mmoja, na nilikuwa bado na uchungu wa kutosha kuamini kwamba mimi si mtu wa kunyamaza.

Nilimpakia kwenye pikipiki ya kijana wa jirani imrudishe Ole. Mimi nikarudi kaburini kwa Mama. Nikakaa. Nilitaka kumwambia kitu nikakosa pa kuanzia. Nilijaribu kumwelekeza, nikasema moyoni, Mama, bondeni, upande wa muhogo, lakini niliona naongea upuuzi nikaacha.

Simu ikalia. Alikuwa dada yangu kutoka Unguja. Siku za Ijumaa hupiga, anajua huwa nakwenda.

"Upo kwa Mama?"

"Nipo."

"Za huko?"

"Salama. Mvua imekwisha."

"Kaka, nakwambia," akasema, na nikasikia anashusha pumzi, "mie sasa nalala. Zamani nilikuwa nikimwota Mama anatangatanga anaulizia watu njia. Simwoti tena. Nikikumbuka tu kwamba hakulala peke yake, kwamba yuko na mama yake, nageuka upande wa pili nalala."

Nilikuwa nimefungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu bondeni, na mzee wa watu alikuwa ameshanifundisha yanavyosemwa. Niliangalia yale mawe mawili, lililosuguliwa na Mama bado lilikuwa jeupe kuliko jingine.

"Kaka? Upo?"

"Nipo, dada."

"Wako salama wote wawili?"

"Wako salama," nikamwambia. "Wako pamoja."